Waziri Aliyeokoa Kingoni kwa Kutofika

Nchi ninayoisimulia haina jina, na sababu si uoga. Jina lilikuwapo, ila lilipelekwa kwenye kamati kufanyiwa marekebisho, na kamati haijakaa kwa sababu akidi haijatimia. Msomaji akihisi anaifahamu nchi hii, namsihi asimwambie mtu. Mimi nilikuwa karani wa simu katika Wizara ya Hali ya Hewa na Majanga kwa miaka kumi na tisa. Naipenda wizara yangu, na nimeudhika mno na uvumi unaoenezwa kuhusu wilaya ya Kingoni. Nimeamua kueleza ukweli wote, ili watu waache kucheka.

Chanzo cha mambo yote ni usawa. Zamani majanga yalikuwa yakitokea ovyo tu. Mafuriko yalikwenda mabondeni, moto wa nyika ulikwenda kwenye nyasi kavu, na sakitu, ile baridi inayogandisha umande mpaka majani ya viazi yanakuwa meusi, ilikwenda milimani kila mwaka bila haya. Wabunge wa kwingine wakalalamika. Penye janga huenda helikopta, mahema, mablanketi na waziri. Penye salama haendi hata mtu wa kuchanja kuku. Mbunge mmoja alilia machozi bungeni: "Wananchi wangu wamekosa nini, Mheshimiwa Spika, hata wasifurikiwe angalau mara moja?"

Ikapitishwa Sheria ya Mgawanyo wa Haki wa Majanga. Kila wilaya ingepata janga moja, lake peke yake, kwa kura ya vikaratasi. Wilaya ya Pwani, ambako hata maji ya mtungini hayapoi, ikapata sakitu. Wilaya ya Nyikani, ambako mvua ikinyesha watoto hukimbilia ndani kuuliza ni kitu gani kile, ikapata mafuriko. Na Kingoni, mji uliokaa pale mito miwili inapokutana, ambako kuni huanikwa wiki tatu na bado zikiwashwa hutoa povu, ikapata moto. Mbunge wao alikuwa kantini anamalizia supu, akachukua kikaratasi kilichobaki.

Utekelezaji ulikuwa wa kupigiwa mfano. Maofisa wa Pwani walivaa masweta ya sufu mwaka mzima, na wawili wakazimia kwa uzalendo. Nyikani ilipelekewa mashua kumi na mbili, ambazo mbuzi walizipenda sana kulalia. Kingoni ilipewa ndoo nyekundu, magunia ya mchanga na kengele kubwa ya moto. Waraka wa kengele ulisema hivi: ikilia, wananchi wote wakimbilie mtoni, waingie majini mpaka kiunoni, wasubiri maelekezo. Zoezi lilifanywa kila mwaka, na Kingoni walikuwa hodari. Kwa dakika sita mji mzima ulikuwa mtoni. Cheti chao niliwaandikia mimi mwenyewe, kwa mkono.

*

Kingoni palikuwa na mpima mvua mmoja, Bi Tunu Mkwaya, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mwembamba, mkaidi, asiyejua kuchekea mzaha wa mkubwa. Kazi yake rasmi ilikuwa kupima ukavu wa nyasi na kuripoti moshi. Lakini alikuwa na tabia ya kwenda kuutazama mto kila asubuhi, jambo ambalo hakutumwa, na kusoma alama za kina cha maji kwenye nguzo ya daraja. Mama yake, Bi Mwashamba, alikuwa amevunjika nyonga na kulazwa katika zahanati, hatua thelathini kutoka ukingo wa mto. Nadhani hapo ndipo utumishi wake ulipoharibika. Mtumishi mwenye mtu wake mahali hawezi kuwa na subira ya kiserikali.

Jumanne moja, saa moja na nusu asubuhi, simu yangu ililia.

"Wizarani hapo? Naitwa Tunu, napiga kutoka Kingoni. Kaka, mto umepanda futi sita tangu jana. Huko juu imenyesha siku tatu mfululizo. Nimeongea na mwenzangu wa kule, anasema bwawa limebomoka. Maji yatatufikia leo alasiri, saa tisa au saa kumi. Naomba kibali nitangaze tahadhari."

Nikafungua daftari. "Kingoni," nikasema kwa upole. "Dada, ninyi ni moto."

"Najua sisi ni moto. Lakini yanayokuja ni maji."

"Kuna moshi?"

"Hakuna moshi, kaka. Kuna maji!"

"Basi naandika: moshi hakuna, hali ni shwari."

Nikadhani ameridhika. Kisha akauliza kama Kingoni haiwezi kuazima mafuriko, kwa siku ile moja tu. Lilikuwa swali zuri, na sheria ilikuwa imeliona: wilaya inaweza kuazima janga, mradi mwenye nalo aridhie. Nikawapigia Nyikani kwa simu ya pili. Katibu tawala wao akaja juu kama maziwa.

"Mafuriko ni yetu! Tumeyapata kihalali! Leo wanaazima, kesho utasikia wamezoea. Wao si wana moto wao? Wautumie!"

Nikampa Bi Tunu majibu hayo neno kwa neno, kama kanuni inavyotaka.

"Kaka yangu," akasema, na sauti yake sasa ilikuwa chini, "hapa kuna watu elfu nne. Zahanati ina wagonjwa thelathini na mmoja. Mama yangu hawezi hata kujigeuza kitandani. Niambie, ungekuwa wewe ungefanyaje?"

Nilimwambia ajaze fomu namba saba. Leo nikikumbuka naona aibu, maana fomu namba saba zilikuwa zimekwisha tangu mwaka juzi.

*

Bi Tunu akaenda kwa Mkuu wa Wilaya, Bwana Pazia Lukumbi. Huyu alikuwa mtu mnene, mstaarabu, mwenye hotuba ya moto aliyoiandika siku alipoteuliwa. Kwa miaka mitano alikuwa akiitia mfukoni kila asubuhi, akisubiri paungue mahali.

"Nikitangaza mafuriko bila kibali, Bi Tunu, jioni redioni nitatangazwa mimi," akasema. "Huna moto wowote? Hata mdogo wa jikoni? Nipe moto nikusaidie."

"Basi mzee, tupige kengele ya moto, angalau watu watoke majum..."

Hakumaliza. Kengele ikilia, wote wangekimbilia mtoni. Na wangefika upesi, cheti wanacho.

Akatoka. Langoni alikuwapo Bi Sikujua Chande, muuza uji, mama wa makamo mwenye ulimi wa kukatia kamba. Tunu akamwambia wazi: maji yanakuja leo, funga biashara, panda Kilimani, wachukue na majirani.

"Maji huja kila mwaka mwanangu, yakafika ngazini yakarudi," akajibu Bi Sikujua, akikoroga sufuria. "Niuache uji wangu ushike ukoko kwa ajili ya maji? Labda niitwe na serikali."

Bi Tunu alisimama pale akimtazama kwa muda, mpaka Bi Sikujua akamuuliza kama anataka uji au anataka kumroga.

Hapa inanibidi nieleze desturi yetu moja. Wananchi wetu hawaogopi mto, simba, wala kipindupindu. Lakini wanajua kumpokea mgeni rasmi. Mgeni rasmi akitangazwa, hakuna anayebaki nyumbani. Shule hufungwa, soko hufungwa, na wagonjwa hubebwa na kupangwa mstari wa mbele ili mgeni apate wa kuwaonea huruma. Tena, kuuliza kama kweli anakuja ni utovu wa adabu. Mkuu wa Wilaya aliyemtangulia Bwana Lukumbi aliwahi kupiga simu kuhakikisha ujio wa kiongozi. Akahamishwa akawe mlinzi wa mnara wa kuongozea meli, huko Nyikani.

Saa mbili na nusu Bi Tunu akarudi ofisini.

"Mzee, nimeongea na wizara. Mheshimiwa Waziri anakuja leo saa sita. Uwanja wa Kilimani."

Sentensi ya kwanza ilikuwa ya kweli.

Bwana Lukumbi aliruka kitini kama aliyekalia siafu. "Waziri? Mheshimiwa Daktari Injinia Balthazar Kisonoko mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Leo?"

"Unauliza, mzee?"

"Siulizi!" akapiga kelele. "Nani ameuliza? Sijauliza kitu mimi!"

*

Katika mji huo palikuwa na shimo la barabarani lililosubiri kuzibwa kwa miaka minane. Siku hiyo lilizibwa kwa dakika arobaini. Gari la matangazo lilizunguka kila mtaa, na nyuma yake polisi wakigonga milango. Mawe ya njia ya Kilimani yakapakwa chokaa. Mwanamke mmoja alisema ana maharage motoni, akaambiwa Waziri haji kula maharage yake. Mzee mmoja alisema yeye ni wa upinzani, akaambiwa basi apande akapingie juu. Wafungwa walibeba viti, kwaya tatu zilibeba ngoma na kinanda, na zahanati ikahamishwa nzima: wagonjwa thelathini na mmoja kwa machela, mikokoteni na mabega. Bi Mwashamba alipandishwa kwa toroli la zege, amefunikwa kanga mbili, akilalamika njia nzima kwamba hajachana nywele.

Watu waliudhika, nisiwasingizie. Bi Sikujua alipanda na sufuria yake kichwani huku akitukana ukoo mzima wa kina Kisonoko, taratibu, kuanzia mababu.

Saa sita walikuwa wote juu. Waziri hakuonekana, na hakuna aliyeshangaa. Saa saba, hakuna. Saa nane mvua ikaanza kunyesha, na kwaya zikaimba "Karibu Mheshimiwa" kwa mara ya thelathini. Bi Tunu alikuwa amesimama ukingoni mwa uwanja, macho kwenye daraja lililokuwa chini kabisa, mikono ameificha kwapani. Hofu yake sasa haikuwa mto. Hofu yake ilikuwa watu kuchoka.

Na wakachoka. Saa nane na nusu akina mama kama mia mbili wakaanza kuteremka, wakisema nguo zao zimeanikwa nje na huyu mgeni kama hana adabu wao hawakumzaa. Bi Tunu akawakimbilia.

"Rudini, jamani, nawasihi! Amekaribia!"

"Umemwona wapi?"

"Nimemwona!"

Wakampita. Hapo ndipo Bwana Lukumbi, aliyekuwa amelowa mpaka hotuba ya moto imegandana mfukoni, alipoamrisha polisi wafunge njia. "Asiteremke mtu! Mgeni akikuta uwanja una mapengo, ni mimi nitakayeyaziba!" Polisi wakashikana mikono kuzuia njia, akina mama wakarudishwa wote. Nimeyaona mengi katika utumishi wangu, lakini hiyo ndiyo mara pekee niliyosikia kwamba virungu vya serikali yetu vimeelekea upande sahihi, na havikujua.

"Tunu," mama yake akamwita kutoka torolini. "Mgeni gani huyu?"

"Anakuja, mama."

"Mbona unalia?"

"Mvua hiyo, mama."

Saa tisa na dakika ishirini ulisikika mngurumo. Bwana Lukumbi akarekebisha tai, akadhani ni msafara. Maji yalitokea kwenye kona ya mto yakiwa na rangi ya chai, yakiwa yamebeba miti mizima na mizizi yake, yakaingia sokoni, yakaingia mitaani, yakaifuta zahanati kwa pigo moja, kama mtu anavyofuta makombo mezani. Kengele ya moto ilipigwa na gogo, ikalia mara moja, ikazama. Juu Kilimani watu elfu nne walikuwa wakitazama. Wengine waliona paa la nyumba yao likipita, wakalinyooshea kidole tu.

Baada ya muda Bwana Lukumbi akakohoa. "Kwaya," akasema kwa sauti ndogo, "endeleeni kuimba." Hakuimba mtu.

*

Wizara ilitoa taarifa kesho yake. Niliichapa mimi. Ilisema kwamba wilaya ya Kingoni ilipatwa na moto mkubwa ambao, kwa bahati nzuri, ulizimwa mapema kwa maji mengi. Serikali ikapeleka magunia mia tisa ya mchanga na dawa ya majeraha ya kuungua.

Bi Tunu akashtakiwa. Kosa lilikuwa kumwalika mgeni rasmi bila mgeni mwenyewe kujua, na kusababisha shangwe isiyo na mlengwa. Adhabu yake ni miaka kumi na mitano. Nilikwenda mahakamani na daftari langu la simu kama kielelezo, na nilimkuta amekonda, amekaa kizimbani, anatazama mawingu dirishani. Mwendesha mashtaka alikuwa na furaha ya mtu mwenye kesi nyepesi. Alimwita shahidi wa kwanza, Bi Sikujua Chande.

"Mama, iambie mahakama. Siku ile Mheshimiwa Waziri alifika Kilimani?"

Bi Sikujua akamtazama Tunu. Akamtazama hakimu. "Alifika."

Mwendesha mashtaka akadondosha kalamu. "Alifika?"

"Alichelewa, lakini alifika. Kwani lini hakuchelewa?"

"Alisema nini?"

"Alisema serikali inalitambua tatizo na linafanyiwa kazi."

"Una hakika, mama?"

"Baba, wewe umewahi kumsikia akisema jingine?"

Wakaitwa mashahidi wengine, mia moja arobaini na watatu. Mzee wa upinzani aliapa kwamba Waziri alifika na alimpinga uso kwa uso. Akina mama wa nguo walisema aliwapungia mkono. Bi Mwashamba, kutoka kwenye kiti chake, alisema alimshika mkono, na mkono wake ni laini mno, hajawahi kushika jembe. Hata Bwana Lukumbi, jasho likimtiririka, alitamka kwamba yeye hajawahi kuuliza kama mgeni amefika au hakufika, na hataanza leo.

Hakimu hakuwa na la kufanya ila kumwita Mheshimiwa Daktari Injinia Balthazar Kisonoko mwenyewe. Alikuja na walinzi kumi na mmoja. Akaelezwa mambo yalivyo: akisema hakufika, basi watu elfu nne waliokolewa na mpima mvua wa daraja la chini. Akisema alifika, waliokolewa na yeye. Mheshimiwa aliomba maji ya kunywa. Alifikiri kwa muda wa glasi moja.

"Nilifika," akasema. "Nakumbuka hasa matope."

Bi Tunu akaachiwa huru alasiri ileile. Waziri alipewa nishani ya Mwokozi wa Bonde, daraja la kwanza. Watu wa Kingoni walilala kwenye mahema ya kushonwa kwa magunia ya mchanga, wakaanza kujenga upya, palepale, kwa sababu hawakupewa mahali pengine. Hilo lilinichoma, na nalisema bila kuficha: nilikuwa na fomu za viwanja kabatini, na hakuna aliyeniagiza nizitoe.

*

Mwaka uliofuata Waziri akaamua kwenda Kingoni kwa kweli, kuzindua sanamu yake, ambayo ilikuwa imesimamishwa sokoni, kando ya mto. Ilikuwa siku ya jua kali, hakuna hata wingu la kufutia jasho. Mimi nilipangiwa kumshikia mwavuli.

Gari la matangazo lilipita tangu asubuhi: Waziri anakuja, Waziri anakuja. Tulipoingia saa nne, tukakuta soko tupu. Viti elfu mbili, havina mtu. Milango imefungwa, majiko yamezimwa, hata kuku hakuna. Bwana Lukumbi alisimama peke yake chini ya sanamu, amekunja mikono tumboni kama mtu aliyefiwa.

"Wako wapi?" Waziri akauliza.

Bwana Lukumbi akaonyesha kwa kidevu. Juu Kilimani mji mzima ulikuwa umekaa. Walikuwa na magodoro, masufuria, mbuzi, cherehani, na wagonjwa wa zahanati mpya wakiwa kivulini. Waliposikia Waziri anakuja walikuwa wamepanda bila kugongewa mlango, kwa dakika tano. Walikuwa wamevunja rekodi yao.

Nikatumwa nikawateremshe. Nilipanda huku nahema, suti imenibana. Bi Tunu alikuwa amekaa mkekani na mama yake na Bi Sikujua, wanachambua mchicha. Nilijitambulisha. Aliitambua sauti yangu kabla sijamaliza jina.

"Wewe ndiye wa fomu namba saba," akasema.

"Ndiye mimi, dada. Nisamehe." Sikuwa nimepanga kusema hivyo, lilinitoka tu. Kisha nikasema nililotumwa: "Waziri amefika. Mto uko chini kabisa, mbingu ni safi. Waambie wateremke."

"Mto nimeupima asubuhi," akasema Bi Tunu. "Na mbingu nimeitazama. Lakini hawa hawaulizi mto tena, kaka. Wanasema mara ya mwisho alipotangazwa yule, nyumba zote zilikwenda."

"Ameondoka?" Bi Mwashamba akauliza, akinyoosha shingo.

"Bado, mama."

"Basi tukae."

Nilitazama chini. Waziri alikuwa ameanza kusoma hotuba yake kwa kipaza sauti, akiviambia viti kwamba serikali inalitambua tatizo. Bi Sikujua akasogeza bakuli la mchicha, akanipisha. Nikavua viatu, nikakaa. Kwa mbali tukamsikia Mheshimiwa akigeuza ukurasa, na Bwana Lukumbi akipiga makofi peke yake.